Ekseli ya Mbele Kwanza, Pembe Baadaye

Matangazo ya SUV za porini yanapenda pembe. Jeep Wrangler Rubicon ya milango minne hutajwa kwa pembe ya kuingilia (mwinuko ambao pua ya gari inaukabili bila bampa kugonga) inayokaribia nyuzi 44 na pembe ya kutokea (hiyo hiyo kwa upande wa nyuma) ya nyuzi 37. Ford Bronco yenye Sasquatch, kifurushi cha kiwandani cha vifaa vya porini, ina nyuzi 43.2 na 37.2. Ukiyapima kwa namba hizo utasema ni pacha. Yapeleke kwenye lami yenye viraka kwa saa tatu, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ndipo utajua kwamba hayakunyonya ziwa moja. Wrangler itakutaka usahihishe usukani kidogo kidogo njia nzima; Bronco itashika mstari wake yenyewe. Kinachoyatenganisha hakimo kwenye jedwali la pembe. Kiko chini, kati ya magurudumu mawili ya mbele.

Wrangler ina ekseli nzima mbele na nyuma: bomba moja la chuma kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu hayo mawili) ikiwa humo humo. Bronco ina ekseli nzima nyuma tu. Mbele, kila gurudumu lina mikono yake na shafti yake yenye jointi za CV (zinazoiruhusu kupinda huku ikizunguka), na difu imefungwa kwenye chesisi; huu ndio mfumo wa magurudumu huru. Tofauti hiyo ndiyo ya kuuliza kabla ya pembe na kabla ya nguvu za farasi, kwa sababu ndiyo inayoamua gari litakuwaje siku zote ambazo haliko porini, nazo ndizo nyingi.

Viwanda vyenyewe vimeshahama. Toyota iliiacha ekseli nzima ya mbele kwenye Land Cruiser 100 mwaka 1998, ikabakiza toleo la 105 kwa wasiotaka mabadiliko. Nissan ikafuata na Patrol Y62 mwaka 2010. Mercedes-Benz iling'ang'ania ekseli nzima kwenye G-Class tangu 1979, ikaiachia mwaka 2018, ila ikabakiza ya nyuma pamoja na loki zote tatu za difu, vifungo vinavyolazimisha magurudumu yazunguke sawa. Land Rover ilipoleta Defender mpya mwaka 2020 iliziondoa zote mbili, na chesisi juu yake. Waliobaki na chuma kizima mbele wanahesabika kwa vidole: Wrangler, Suzuki Jimny, Land Cruiser 70, Ineos Grenadier. Hao waliohama wanaijua kazi ya porini vizuri. Walihama kwa sababu wanunuzi wao wanaishi kwenye lami.

Je, waliobaki wanapata nini? Kwenye mawe, wanapata mengi. Gurudumu la kushoto la ekseli nzima likipanda jiwe, linalisukuma la kulia chini, kwa hiyo tairi zote mbili hubaki na uzito wa kushika ardhi. Difu nayo hupanda pamoja na tairi, hivyo kimo chake kutoka ardhini hakibadiliki sana hata springi zikibana. Kwenye mfumo wa magurudumu huru, gari likitua kwa nguvu chesisi hushuka na difu hushuka nayo. Milimita 250 ulizopima kwenye sakafu ya gereji zinaweza kuwa 150 wakati ule ule unaozihitaji. Isitoshe, ekseli nzima ni rahisi kutengeneza. Ina sehemu chache, ni nene, na nyingi hufunguliwa kwa spana za kawaida.

Gharama yake huja kwenye mwendo. Ekseli nzima ni nzito na haibebwi na springi. Ikipiga shimo kwa gurudumu moja, la upande wa pili hupata habari hapo hapo. Hali hii ikikutana na bushi (mipira ya viungo) zilizolegea hutokea mtikisiko mkali wa usukani, kwa kawaida kwenye kilomita 70 hadi 90 kwa saa, baada ya tairi moja kugonga kiungo cha daraja au ukingo wa kiraka. Gari zima hutetemeka kana kwamba magurudumu yanataka kuchomoka, na halitulii mpaka mwendo upungue sana. Usikanyage breki kwa hasira. Achia mafuta, shika usukani kwa uthabiti bila kuukaza, pungua taratibu. Kisha kaa chini ya gari. Mwenzako awashe injini na azungushe usukani robo mzunguko kushoto na kulia wakati wewe unatazama fimbo ya Panhard, ile inayoizuia ekseli isihame kwenda upande. Miisho yake haitakiwi kucheza hata kidogo. Ikicheza, bushi imekwisha au tundu la bolti limepanuka. Baada ya hapo angalia viungo vya usukani, yaani boljointi na tairodi endi, kisha balansi ya tairi. Watu wengi hukimbilia kubadili shokapu ya usukani, mtikisiko ukapotea kwa miezi miwili, wakadhani wametibu. Shokapu hiyo huficha ugonjwa tu, na bushi inaendelea kuliwa.

Magurudumu huru nayo yana uchungu wake, ila huonekana porini na si barabarani. Jointi za CV hazipendi pembe kubwa. Ukilinyanyua gari zaidi ya takribani milimita 50, shafti hulala vibaya, mpira wa kufunika jointi husuguana na kuchanika, grisi hutoka, mchanga huingia, na jointi huanza kugonga ukikata kona. Fimbo za usukani nazo ni nyembamba kuliko zile za ekseli nzima. Dereva akifunga loki ya difu ya mbele, akakata usukani mpaka mwisho, akakanyaga mafuta huku tairi la inchi 35 limebanwa na jiwe, fimbo ndiyo itakayopinda kwanza. Dawa ni tabia kuliko vipuri: loki ya mbele ifungwe ukiwa umenyooka, na ifunguliwe kabla ya kukata kona.

Kuna imani kwamba gari la magurudumu huru haliwezi kutambaa kama lile la ekseli nzima. Hesabu inakataa. Uwiano wa kutambaa hupatikana kwa kuzidisha gia ya kwanza, gia ya chini ya kigawanya nguvu (giaboksi ndogo inayopeleka nguvu mbele na nyuma), na uwiano wa difu. Rubicon ya gia za kujibadili: 4.71 mara 4.0 mara 4.10, yaani takribani 77 kwa 1. Ya gia za mkono hufika 84.2. Bronco ya gia za mkono yenye difu ya 4.70 hufika 94.75. Sasa mtazame Jimny: 4.425 mara 2.002 mara 4.09, jumla inakaribia 36. Injini ya Rubicon huzunguka mara 77 kuzungusha gurudumu mara moja, ya Jimny mara 36. Ndiyo maana Jimny kwenye mteremko wa mawe huenda haraka kuliko unavyotaka na utalazimika kusaidia kwa breki. Lakini Jimny ina uzito wa takribani kilo 1,100, karibu nusu ya Wrangler ya milango minne, na uzito huo mdogo hufuta nusu ya deni. Kwenye matope laini hasa, uwiano hauna maana kubwa; gari jepesi halizami.

Loki ya difu na mfumo wa kompyuta wa kudhibiti utelezi huwekwa kwenye kapu moja na wauzaji, na hapo mnunuzi huliwa. Loki huunganisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke sawa, hata moja likiwa hewani. Kazi imekwisha kabla ya tatizo kutokea. Kompyuta husubiri gurudumu liteleze, kisha hulikaba kwa breki ili nguvu ihamie la pili. Hiyo ina maana lazima uteleze kwanza, na kila utelezo huchimba shimo, husukuma changarawe nyuma na huchemsha breki. Ukiwa na gari lisilo na loki, kosa kubwa ni kuachia mafuta pale gurudumu linapoanza kuzunguka bure. Shikilia mafuta yale yale, injini kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000, hesabu sekunde mbili, na utasikia breki zikikoroma kisha gari likijivuta. Ukiachia, kompyuta huanza upya. Ukipata nafasi ya kuchagua loki moja tu, chukua ya nyuma: ukipanda, uzito uko nyuma, na loki ya nyuma haiukazi usukani.

Kuhusu pembe zenyewe, moja inastahili heshima kuliko inayopewa, nayo ni pembe ya tumbo, yaani ukali wa tuta ambalo gari linavuka bila kukwama katikati. Mbele na nyuma unaweza kukata bampa. Tumbo halikatwi. Jimny ya milango mitatu ina nafasi ya milimita 210 chini na umbali wa milimita 2,250 kati ya ekseli. Pembe ya tumbo ni nyuzi 28. Ya milango mitano ina milimita 210 zile zile, ila ekseli zimeachana kwa milimita 2,590, na pembe imeshuka hadi 24. Rubicon ya milango miwili ina 27.8, ya milango minne 22.6. Kwa hiyo familia inayonunua milango minne ikiamini imenunua gari lile lile la kwenye video inakosea: kwenye kilele cha tuta litakaa juu ya tumbo mahali ambapo fupi lingepita. Upande wa pili, gari fupi kwenye lami ya mawimbi hurukaruka, na kwenye mteremko wenye utelezi mgongo wake huja mbele upesi. Jimny ya milango mitatu ina lita 85 tu za mizigo viti vikiwa vimesimama. Huo ni mkoba wa shule na mkate.

Tukifika kwenye tairi, ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hutoa tairi la inchi 32, huweka la inchi 35, akidhani ameongeza inchi tatu chini ya gari. Ameongeza inchi moja na nusu, milimita 38, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Wakati huo huo difu yake ya 4.10 sasa inafanya kazi kama 3.75. Gari linakuwa zito kuanza, gia za juu hazishiki kwenye kilima, spidomita inasema 100 wakati gari linakwenda karibu 109, na breki zinasimamisha gurudumu zito zaidi lenye mkono mrefu zaidi. Kurudisha hali ya mwanzo unahitaji difu ya takribani 4.48, inayopatikana mara nyingi ni 4.56, na lazima ibadilishwe mbele na nyuma kwa pamoja, la sivyo ekseli mbili zitavutana ukiweka 4H, yaani magurudumu manne kwa gia ya juu.

Kabla ya kununua tairi kubwa, jaribu kitu kisichogharimu chochote: punguza upepo. Tairi linalotembea lami kwa psi 35 (kipimo cha upepo) liwe na 26 hadi 28 kwenye changarawe, 18 hadi 20 kwenye mawe, 15 hadi 18 kwenye mchanga laini. Ukishuka chini ya 15 kwa rimu za kawaida, kona moja kali inatosha kulichomoa tairi kwenye rimu. Alama ya tairi ardhini hurefuka kama mkanda wa trekta, mawe hufunikwa na mpira badala ya kuugonga, na viti hutulia. Namba hizi za upepo ni za gari la tani mbili. Kwenye gari jepesi kama Jimny anza chini zaidi kwa psi tatu au nne, hasa kama umefunga tairi lenye kuta nene lililoundwa kubeba lori dogo. Mwendo nao upungue: kwenye psi 18 usizidi kilomita 40 kwa saa, kwa maana kuta zinazokunjana hupata joto na joto ndilo linalopasua. Kuna kipimo cha zamani kinachosaidia. Pima tairi likiwa baridi, endesha kwa saa moja, pima tena. Upepo ukiwa umepanda zaidi ya psi 4, ulianza na kidogo mno.

Aina ya kashata za tairi, yaani meno yake, nayo ni uamuzi wa kila siku zaidi kuliko wa porini. Tairi za matope zina mapengo makubwa yanayojisafisha, na ni mapengo hayo hayo yanayolia barabarani na kupunguza mpira unaogusa lami wakati wa mvua. Breki ya ghafla kwenye lami iliyoloa hurefuka. Anayeingia matope mara sita kwa mwaka na kwenda kazini mara mia mbili na hamsini anapaswa kufunga tairi za mchanganyiko, yaani AT, na kubeba koleo. Koleo ni rahisi kuliko tairi.

Mvua inatuleta kwenye jambo ambalo wengi hulijua nusu. Jimny, Land Cruiser 70 na Wrangler nyingi zina 4x4 ya kuunga na kukata, bila difu ya kati. Ukiiunga kwenye lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, lakini shafti haziruhusu tofauti hiyo. Kila kitu hujikaza: usukani huwa mzito, gari husita kama limekamatwa, na mkono wa 4x4 hugoma kutoka. Ukifika hapo, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyooka na mkono huo utaachia. Maana yake kwa matumizi ya kila siku ni kwamba magari haya, kwenye lami iliyoloa nusu na kukauka nusu, yanakwenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na gari fupi la kusukumwa nyuma kwenye mvua linahitaji mguu wenye adabu. Prado 150, Defender, G-Class na Grenadier huendesha magurudumu yote muda wote, zikiwa na difu ya kati unayoifunga ukiingia porini. Kwa anayeishi sehemu ya mvua nyingi, hiki ni kigezo kikubwa kuliko inchi mbili za kimo.

Defender mpya inastahili aya yake, kwa kuwa ndiyo inayochanganya watu. Haina chesisi, ina bodi ya alumini iliyounganishwa, magurudumu yote huru, na, kwenye matoleo mengi, springi za hewa zinazoweza kuinua tumbo hadi milimita 291 na kuruhusu maji ya milimita 900. Rubicon hutajwa kwa milimita 762, Grenadier 800. Kwenye lami Defender haina mpinzani katika kundi hili, na ilipata nyota tano za Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, mwaka 2020, wakati Jimny na Wrangler zilipata tatu na moja mwaka 2018. Porini inapita sehemu nyingi ambazo mashabiki wa chuma huapa haiwezi. Tatizo lake halimo kwenye uwezo. Limo kwenye namna inavyoshindwa. Bushi ya Panhard ikifa unarudi nyumbani polepole. Mfuko wa hewa au kihisio cha kimo kikifa, kompyuta inaweza kulilaza gari chini, na spana haitakusaidia. Anayekwenda mahali ambapo gari la kuvuta hufika siku hiyo hiyo asiogope. Anayekwenda siku nne kutoka kwa fundi wa kwanza achague Land Cruiser 70, avumilie springi zake za mabamba nyuma na sauti ya injini.

Namba za maji zina mtego. Ni za maji yaliyotulia na mwendo wa kutembea kwa miguu, gari likisukuma wimbi dogo mbele yake. Injini ikivuta maji, pistoni haiwezi kuyabana, koni rodi (mkono wa pistoni) hupinda, na hapo ni injini nyingine. Kuna uharibifu wa kimya pia. Difu iliyopata moto barabarani ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo hujikunja na kuvuta maji kupitia sili. Simama dakika kumi kabla ya kuvuka, na vipumulio vya difu virefushwe kwa mpira mpaka karibu na boneti. Kesho yake fungua kizibo cha difu: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo, usisubiri safari iishe.

Basi uchaguzi. Kwa anayetaka gari moja la kila kitu, mpangilio unaokaribia haki ni magurudumu huru mbele, ekseli nzima nyuma, gia ya chini, loki ya nyuma, na tairi za AT za inchi 31 hadi 33. Hapo kuna Prado, Bronco isiyo na Sasquatch, na nyingine za aina hiyo. Wrangler Rubicon ni sahihi kwa mtu ambaye mawe ni mchezo wake wa kila mwezi, na anayekubali kubadilisha bushi kama anavyobadilisha oili. Jimny ni gari la pili bora duniani na gari la kwanza la mateso kwa familia ya watu wanne. Na wapo wengi, wengi kuliko wanavyokubali, ambao njia zao ngumu ni vumbi, matuta na tope la sentimita kumi. Hao SUV ya kawaida inayosukumwa na magurudumu yote manne yenye milimita 220 chini, kama Subaru Forester, inawatosha kabisa, mradi wajue kwamba kwenye mchanga mrefu giaboksi hupata joto na hakuna gia ya chini ya kushikilia mteremko.

Ukienda kulitazama lililotumika, usianzie kwenye boneti. Lala chini. Angalia mabamba ya kinga: michubuko ya zamani si dhambi, lakini bamba lililobonyea mpaka kugusa sampu, bakuli la oili ya injini, ni habari nyingine. Shika kila mpira wa CV na uupapase nyuma, upande usioonekana. Ukirudi na grisi mkononi, umeshapata sababu ya kushusha bei. Weka 4L (magurudumu manne kwa gia ya chini) kwenye changarawe, tembea mita ishirini mbele na nyuma, na usikilize kama kigawanya nguvu kinaruka. Funga loki moja moja na usubiri taa iache kupepesa. Kisha nenda lami, fika kilomita 90, tafuta kiungo cha daraja, na mikono iwe miwili kwenye usukani.